Kijiko cha Chumvi

Jumapili ile Dada alitoka kazini akiwa amechelewa robo saa, na kwa mambo yalivyokuwa nyumbani kwao, robo saa ilitosha kuharibu chakula cha mchana.

Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine ya kukaushia ilikuwa imegoma tangu Alhamisi, kwa hiyo asubuhi nzima yeye na wenzake walikamua mashuka kwa mikono, wawili wawili, mmoja akisokota kulia na mwingine kushoto, kama watu wanaogombania nguo moja. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Miguu alikuwa ameacha kuisikiliza tangu saa mbili. Hata hivyo alikimbia. Alilipita duka la dawa, akampita fundi viatu aliyemwambia "Pole na mbio," akakatiza uwanja wa shule huku mkoba ukimpiga ubavuni.

Alikuwa anaiwahi sufuria.

Mama yao alikuwa mpishi. Kwa miaka ishirini na sita alipika katika bweni la chuo, kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, na alipostaafu akabakiwa na Jumapili. Kila Jumapili alipika mchuzi wa nyama yenye mifupa, viazi, karoti na maharage, na alasiri akaoka mikate minne ya wiki nzima. Katika nyumba ile ukiumwa ulipewa mchuzi. Ukiachwa na mchumba ulipewa mchuzi. Ukifaulu mtihani ulipewa mchuzi uleule, ila bakuli lako lilikuwa na mfupa wenye uboho.

Mwanzoni mwa mwaka mama alipatwa na mafua makali. Yalipoondoka yaliondoka na pua yake, na ulimi nao haukubaki nyuma. Daktari alisema huenda vitarudi na huenda visirudi, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua. Mama alilala wiki saba uso ukielekea ukutani. Homa yenyewe ilikuwa imekwisha wiki ya pili. Wiki tano zilizofuata hazikuwa za homa.

"Mpishi asiyeonja ni nini?" alimwambia Dada siku moja, bila kugeuka. "Siku nikijua kwamba chakula changu hakiliki, sishiki tena mwiko. Mtanikuta hapa hapa."

Kisha Jumapili moja akaamka, akajifunga kanga kiunoni, akatangaza kwamba pua imefunguka. Nyumba nzima ilifurahi kwa siku tatu. Siku ya nne Dada aliingia jikoni akakuta maziwa yameungua na moshi umetanda, na mama amelipa jiko kisogo, anakunja vitambaa kwa utulivu kabisa. Dada alizima moto, akaisugua sufuria, akanyamaza.

Jumapili iliyofuata ndipo chumvi ilipoanza. Mama alizoea kupima kwa kijiko kidogo cha mti, vijiko vinne kwa sufuria kubwa, halafu akaonja. Sasa alitia vinne, akaonja, hakusikia kitu, akatia cha tano. Akasubiri. Akatia cha sita kwa wasiwasi. Mezani wote walikula mpaka wakapangusa mabakuli kwa mkate, wakasema mchuzi wa leo ni balaa, na wala hawakudanganya.

Tangu hapo Dada alijipangia zamu ya pili. Mama alikuwa na desturi yake: sufuria ikishatulia kwenye moto mdogo, huenda kuoga, ili aketi mezani akiwa mtu na si moshi. Katika dakika zile za kuoga Dada alipakua mchuzi vikombe vitatu, akavimwaga, akarudishia maji ya moto ya birika, akatumbukiza na viazi viwili vibichi vinyonye chumvi, akaviopoa. Mchuzi ulibaki na chumvi nyingi, lakini ulilika. Hakumwambia mtu. Siri ya mama yake aliiona kama nguo yake ya ndani, haianikwi mbele ya watu.

Wiki nane sasa alikuwa akikimbia hivyo.

Baba yao, seremala mstaafu, alikuwa barazani akisugua mguu wa kigoda kwa msasa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipokuwa kazini wateja walisema ukitaka kujua bei lazima umpigie ramli.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa, baba. Shikamoo."

"Marahaba."

Alipoingia jikoni alisikia maji ya bafuni yamenyamaza. Mama alikuwa anajifuta. Hapakuwa na muda wa kuonja wala wa kufikiri. Dada alichota vikombe vitatu, akavimwaga, akamimina birika mpaka tone la mwisho. Viazi akaviacha. Aliona wekundu wa mchuzi umezidi ule wa Jumapili nyingine, akadhani ni macho yake, maana tangu asubuhi yalikuwa hayaoni ila mashuka meupe. Mlango wa bafu ulipofunguliwa yeye alikuwa anaosha kijiko ambacho kilikuwa safi.

"Umekuja saa ngapi?" mama aliuliza.

"Sasa hivi."

"Mbona unahema?"

"Ngazi za kazini, mama."

Mama alimtazama, akaitazama sufuria, akaenda kulifunua beseni la unga uliokandwa, akalifunika tena.

Muda huo Kinyozi akarudi na Shangazi. Kinyozi alikuwa mdogo wake Dada. Aliitwa hivyo mtaa mzima kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu midomo yake na mashine yake havijawahi kuzimwa kwa wakati mmoja. Alikuwa amekwenda kumpokea Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa kwa binti yake kwa miezi mitatu akilea mjukuu. Shangazi naye alikuwa karani wa posta mstaafu, na watu husema alifungua barua za wengine kwa miaka thelathini na hajawahi kufunga mdomo wake hata siku moja.

"Wifi, umekonda," alimwambia mama wakikumbatiana.

"Na wewe umenenepa kwa niaba yangu, wifi."

"Ndiyo kusaidiana huko."

Wakaketi. Mama alipakua kwa upawa, kwanza kwa mgeni, mfupa wenye uboho ukiwa wa kwake. Mvuke ulipanda, na kwa macho ulikuwa mchuzi mzuri kabisa. Dada alishika bakuli kwa mikono miwili ili joto limwingie vidoleni. Kwa dakika ile moja hakutaka kingine duniani.

Kisha akaonja.

Aliinua macho akakuta Kinyozi naye ameinua macho. Baba alikuwa anatafuna polepole sana, kama mtu anayesikiliza. Ule haukuwa mchuzi. Ulikuwa maji yaliyopita karibu na ng'ombe.

Shangazi alichota kijiko cha kwanza, akatulia. Akachota cha pili kwa kuhakikisha.

"Wifi," alisema, "hii nyama umeipika au umeiogesha?"

Kinyozi akakohoa. "Shangazi. Tuliongea njiani."

"Tuliongea habari ya chumvi kuzidi. Nikakwambia hata ikiwa jabali nitalimeza. Hii haina hata chembe ya kusingizia. Hilo hatukuliongea."

Nje, paka alikuwa anaparua pipa. Shangazi alizitazama nyuso moja moja, na taratibu ikamwingia kwamba amefungua barua isiyo yake. Akaweka kijiko chini.

"Mliongea nini njiani?" mama aliuliza.

"Mama, mambo ya kawaida tu," Kinyozi alisema.

"Nakuuliza wewe na ulimi wako wa wembe. Mliongea nini?"

Kinyozi, ambaye angeweza kumsemesha mteja mwenye povu mdomoni, aliinamia bakuli lake.

Mama alilivuta jagi la maji, akaliweka katikati ya meza. "Zamani jagi hili lilikuwa likibaki nusu," alisema. "Siku hizi kila Jumapili linajazwa mara tatu. Iliyokufa kwangu ni pua, macho bado ninayo. Kwa hiyo leo sikutia vinne, wala sita. Nimetia viwili, nimevihesabu kwa sauti. Vijiko viwili mtu anavisikia, hata kama havitoshi. Vimekwenda wapi?"

Dada alitazama mikono yake. "Nimetia maji, mama. Vikombe vitatu."

"Leo?"

"Kila Jumapili. Ukiwa unaoga."

Kinyozi alimgeukia dada yake, mdomo wazi. "Wewe? Mimi natia nyanya. Nachemsha kwa jiko la mafuta kule saluni, bila chumvi, nakuja nazo kwenye chupa ya chai. Mama akiingia tu bafuni namimina halafu natoka. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayeiokoa nyumba hii."

"Basi ndiyo maana ule wekundu," Dada alisema, kana kwamba hilo ndilo lilikuwa swali.

Baba alinyanyuka. Alikwenda jikoni akarudi na kijiko cha chumvi, akakiweka mezani mbele ya mke wake. Alikichonga yeye mwenyewe mwaka wao wa kwanza wa ndoa, kutokana na kipande kilichobaki kwenye kabati la mteja. Wote walikijua: kijiko chenye kina, chenye mkia uliopinda kidogo. Sasa kilikuwa bapa. Kingo zake zilikuwa zimesuguliwa kwa msasa mpaka kikawa kinabeba chumvi kama kiganja kilichofunguliwa kinavyobeba maji.

"Kila Jumamosi," baba alisema. "Kidogo kidogo."

Mama alikichukua, akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na kina.

"Nilidhani ni mkono wangu," alisema. "Kila wiki naona kama chumvi haijai. Nikasema basi, pua imekwenda, ulimi umekwenda, sasa na mikono inaondoka."

Baba alifumba macho.

Mama aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Wangependa aubamize.

"Ulimi huu," Shangazi alisema baada ya muda, "nitaukata nimpe yule paka."

"Atautema," Kinyozi alisema, lakini hakucheka, na hakuna aliyecheka.

Walikaa. Mchuzi ulipoa na kufanya utando. Dada alijua anachosubiri kila mmoja pale mezani: kusikia kitanda kikilia, kile kitanda cha wiki saba. Kikalia. Aliwaza asubuhi za wiki zile, alivyokuwa akimpelekea mama chai na kuiondoa imejaa vilevile, kisha anakwenda kazini kukunja mashuka ya watu wengine wanaolala mchana. Hakuwa na nguvu za kuanza tena. Hilo lilimtisha kuliko kitanda.

Akapita jikoni kuchukua maji. Kwenye meza ya jikoni, kitambaa cha beseni kilikuwa kimeinuka kama kitambi cha mtu aliyelala chali, na upande mmoja unga ulikuwa umechungulia nje na kuanza kuteremka. Aliutazama. Katika maisha yake yote alikuwa amekula mikate ile, na hakujua kitu kinachofuata ni kipi.

Alibisha, akaingia. Mama alikuwa ameangalia ukuta. Dada aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua viatu kwa sababu hakuweza tena kuvivumilia, na miguu ilipoonja hewa akasikia machozi yanakuja bila kuitwa.

"Mama, nimechoka," alisema.

Mama alivuta shuka begani.

"Nimechoka kukimbia. Kila Jumapili nakimbia kutoka kazini. Nikisimama kwenye taa za barabarani nahesabu, sasa anatia chumvi, sasa anakwenda kuoga."

"Nani alikutuma ukimbie?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Ulisema utalala. Ukijua."

Kitanda kililia kidogo. "Nilisema nikijua," mama alirudia. "Mkaamua nisijue. Watatu nyinyi, kila mtu na njia yake, kama wezi wasiofahamiana wamevamia nyumba moja." Akaupapasa ukuta kwa kidole. "Ulikuwa mbaya kiasi gani?"

"Upi?"

"Wa kwanza kabisa. Nilipoamka."

Dada alitafuta la kusema. Alikuwa na uongo mzuri wa kutosha, lakini uongo nao ni kazi, na zamu yake ilikuwa imekwisha saa sita.

"Baba alitoka nje akasema anakwenda kuangalia bomba. Nilimwona dirishani. Alikuwa ameinama anakunywa kama ng'ombe."

Mabega ya mama yalitikisika. Dada hakuweza kujua ni kilio au kicheko, na akaona haya kuinama amchungulie.

"Na Kinyozi?"

"Alisema ni balaa."

"Nilifurahi aliposema vile." Mama alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Hata wewe ulisema kitu. Ulisema nini?"

"Nilisema umerudi."

Sebuleni Shangazi alikuwa anamnong'oneza mtu kwa sauti ambayo jirani angeisikia.

"Unga umefikia wapi?" mama aliuliza.

"Umeinua kitambaa."

"Umeinua kitambaa, au umeanza kumwagika?"

"Unamwagika."

"Unamwagika, na wewe umekaa hapa."

Aliinuka kwa shida, kama mtu anayejitoa kwenye tope. Hakuwa amefurahi. Dada aliliona hilo na hakujidanganya: uso wa mama ulikuwa wa kijivu na midomo imebana. Lakini unga hausubiri mtu apone.

Mezani hakuna aliyethubutu kuondoka. Kinyozi alinyanyua bakuli lake nusu. "Mama, tuendelee kula au tuache?"

"Rudisheni sufuriani. Vyote. Na mfupa wa wifi."

"Mfupa nimeshaufyonza," Shangazi alisema kwa unyonge.

"Basi huo umebahatika, kakae nao."

Mama aliwasha jiko chini ya sufuria, akauteremsha unga kwa ngumi mbili, akaugawa kwa kisu mafungu manne yaliyolingana bila kupima. Mikono haikuwa imeondoka. Ilikunja, ikasukuma, ikageuza, na kila donge likatua kwenye bati lake likiwa laini kama shavu. Alipanga mabati karibu na joto yaumuke tena, akaosha mikono, akachukua kile kijiko bapa.

"Simama hapa," alimwambia Dada, aliyekuwa ameketi mbali na jiko.

"Nimekaa vizuri, mama, naona."

"Sitaki uone. Onja."

Dada alivuta kigoda, akaketi karibu na jiko. Mama alitia kijiko kimoja, akakoroga, akamnyooshea mwiko.

"Bado," Dada alisema.

Cha pili. "Bado."

Cha tatu mama alikishika hewani kidogo kabla ya kukimimina. "Usinionee huruma."

"Bado, mama. Bado kabisa."

Cha nne. Dada alionja, akafikiri. Ladha ilikuwa imeanza kuja kutoka mbali, ile ya siku za kuachwa na siku za kufaulu. "Karibu."

Cha tano. Alionja, akalamba mwiko. "Basi," alisema.

"Vitano, juu ya vile viwili vya mwanzo," mama alisema. "Wewe kumbuka, mimi nitakumbuka."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Nitachonga kingine," alisema. "Kama kile."

"Usiguse kitu," mama alisema bila kumtazama. "Ukichonga kingine itabidi nianze kuhesabu upya. Hiki nimeshakijua." Kisha, baada ya kukoroga mara mbili tatu, "Miaka yote hiyo ulinificha kwamba unajua kujificha."

Baba akainamisha kichwa, na pembeni mwa mdomo wake pakawa na kitu kidogo.

Walikula saa kumi kasoro, chakula cha mchana kikawa karibu cha jioni. Walikula kimya, kimya cha watu wenye njaa. Mama naye alikula. Alichota, akameza, akachota, kama mtu anayelipia nauli. Mara moja aliuliza, "Ukoje?" Wote wakafungua midomo pamoja, wakafunga, wakamwachia Dada.

"Chumvi sawa," Dada alisema. "Viazi vimelegea kwa sababu tumechemsha mara mbili. Nyanya zimezidi."

"Nyanya si zangu," mama alisema.

Kinyozi aliinua mkono kama mwanafunzi. "Nimekosa, mwalimu."

Jagi lilibaki nusu. Hakuna aliyelisema, lakini mama alilitazama mara mbili.

Baadaye mikate iliingia ndani ya oveni, na Dada akaambiwa akae karibu. "Ikianza kunukia niite," mama alisema. "Mimi sitajua." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba aletewe chumvi. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

"Nitakuita," Dada alisema.

Akaegemeza kichwa ukutani. Joto la oveni lilimgusa magotini, likapanda. Sebuleni Shangazi alikuwa anasimulia habari za mjukuu, na baba anamjibu kwa kuguna. Alijiambia asifumbe macho, afumbe moja tu. Harufu ya mkate ilipokuja ilimkuta mbali sana, kwenye chumba chenye mashuka makavu yaliyokunjwa mpaka darini, na alijua kuna mtu alipaswa kumwita, ila sauti ilikuwa imelala kabla yake.

Akasikia mlango wa oveni ukifunguliwa polepole. Akasikia mkate ukipinduliwa kwenye kitambaa, na vidole vikigonga tumbo lake chini, ko, ko, ko. Ukimya mfupi wa kusikiliza kama umelia wazi, mlio wa mkate ulioiva. Kisha wa pili ukagongwa, na wa tatu, na wa nne huo ukarudishwa ndani.

"Mwacheni alale," mama alimwambia mtu. "Huu mmoja bado."